Nilisema nitakuja

Vilikuwa vipeperushi 31. Nilivihesabu usiku ndani ya treni ya kurudi Glasgow, nimevipanga mapajani kama karata, na kila kimoja nilikipokea kwa tabasamu na neno lile lile: nitakuja.

Sisi tuliolelewa na Kiswahili tunajua kwamba "nitakuja" mara nyingi si habari ya safari. Ni namna ya kuachana na mtu kwa wema. Unaalikwa harusi ya mtoto wa jirani ya shangazi, unasema nitakuja, Mungu akipenda, na nyote wawili mnajua kuwa Mungu huyo ameshatwishwa lawama ya kutokuja kwako. Hakuna anayeumia.

"Wifi," mke wa kaka yangu akaniambia, macho kafumba, kichwa kwenye kioo cha dirisha. "Huku usiseme hivyo."

"Watanikumbuka, kwa watu wote wale?"

"Haya. Endelea."

Nieleze tulikuwa wapi. Kila Agosti, kwa wiki tatu hivi, mji wa Edinburgh huko Uskoti unageuka jukwaa. Yanachezwa maonyesho zaidi ya 3,000, katika kumbi za kweli na katika vyumba ambavyo miezi mingine ni vya mihadhara, vya mikutano ya hoteli, vya baa, vya ibada. Hilo ndilo tamasha la Fringe. Wifi yangu ni muuguzi na anakaa Glasgow, mwendo wa treni usiofika saa nzima, na hiyo ndiyo iliyoniokoa, maana bei ya chumba cha kulala Edinburgh mwezi huo nilipoiona nilidhani wameandika namba ya simu. Kwa siku nne, Jumatano hadi Jumamosi, nilikuwa naenda asubuhi na kurudi usiku. Wifi alinisindikiza tatu kati ya hizo, mojawapo akiwa ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku. Hilo la zamu mlikumbuke.

Fringe ni pindo. Mvaa kanga ataelewa mambo haya upesi kuliko mwenye kamusi: kanga ina mji, ule uwanja wa katikati, na ina pindo linaloizunguka. Mwaka 1947, vita vikuu vikiwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, Edinburgh ilianzisha tamasha la kimataifa la sanaa, la okestra na waigizaji wakubwa walioalikwa kwa heshima zao. Huo ndio mji. Lakini vikatokea vikundi vinane vya maigizo, sita vya Uskoti kwenyewe na viwili vya Uingereza, ambavyo havikualikwa na mtu. Vikaja hivyo hivyo. Kwetu anayefika kwenye karamu bila mwaliko tunamwita mdowezi, na wadowezi hawa walitafuta kumbi zao wenyewe, wakacheza. Kimoja kilikwenda kuigizia kwenye abasia ya Dunfermline, ng'ambo ya ghuba ya Forth, ambako ni sawa na kudowea harusi huku umekaa mtaa wa tatu. Mwaka uliofuata mwandishi wa tamthilia, Robert Kemp, akaandika gazetini kuhusu michezo iliyokuwa ikichezwa pindoni mwa tamasha rasmi, na jina likaganda. Leo pindo limekuwa pana kuliko mji.

Na udowezi ule ndio kanuni hadi leo. Chama cha Fringe, kilichoundwa mwaka 1958, kinaandikisha, kinauza tiketi, kinachapisha ratiba, lakini hakichagui. Hakuna jopo. Ukipata ukumbi utakaokupokea na ukalipa ada zako, umo, uwe umeigiza miaka thelathini au umeandika mchezo wako wa kwanza mwezi uliopita. Kwa mtazamaji maana yake ni kwamba hakuna aliyekuchujia. Nilikaa dakika hamsini gizani nikiwasikiliza wanaume watatu wakipiga kelele kuhusu samaki. Sikuelewa, na nina hakika mmoja wao pia hakuelewa. Saa moja baadaye, kwa mguu, nikaingia Summerhall, iliyokuwa chuo cha udaktari wa mifugo, nikakaa kwenye benchi la mbao katika ukumbi wa zamani wa somo la anatomia, safu zikiwa zimeinuka wima mpaka unamwona mwigizaji utosi. Hapo walipokuwa wakipasulia maiti za wanyama, mzee mmoja alicheza dansi peke yake, bila muziki, na sikupepesa macho.

Sasa turudi kwenye vipeperushi.

Royal Mile ni barabara ya mawe inayoteremka kutoka ngome hadi kasri la Holyrood. Wakati wa tamasha kipande cha High Street kinafungwa magari na watu wanaachiwa. Hapo utakuta mpuliza zumari la Kiskoti, mtu amejipaka fedha mwili mzima na hatikisiki, kundi la wanafunzi wanaimba bila ala, na katikati yao mikono, mikono, mikono, kila mmoja una karatasi. Wengine ni vijana wa kulipwa. Lakini wengi, na hili ndilo sikulijua, ni wenyewe. Anayekupa karatasi asubuhi ndiye utakayemwona jukwaani mchana. Ndiye aliyeandika mchezo, ndiye aliyelipia ukumbi, na jioni ndiye anayekaa kitako ukingoni mwa barabara na stepla mkononi, akibana kipande kidogo cha karatasi chenye nyota nne juu ya kila kipeperushi, kwa sababu mhakiki wa gazeti fulani amempa nyota nne leo na vipeperushi vilichapwa mwezi uliopita. Nilisimama nikamtazama mmoja akifanya hivyo. Ta, ta, ta. Pini zikamwishia. Akaazima stepla ya mwenzake, ambaye kwa haki zote alikuwa mshindani wake, na aliyekuwa na nyota tatu.

Binti wa sweta nilikutana naye hapo, Jumatano, manyunyu yakianguka. Sweta la sufu, la buluu, kubwa kumzidi, na alikuwa ameingiza mkono mmoja tu, wa kushoto. Mkono wa pili wa sweta ulining'inia ukichuruzika maji.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Hapana. Ule ni wa mdogo wangu." Akanipa karatasi. "Saa sita na dakika ishirini mchana. Ni watu wawili, lakini mwigizaji ni mimi tu."

"Nitakuja."

"Kesho?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu hakuna anayeuliza "kesho?" Ni kama kufuata mgeni anayeaga mpaka mlangoni ukiwa na kalenda.

"Kesho," nikasema.

Kesho yake sikwenda. Nilikuwa na ratiba yangu niliyoipanga wiki nzima kabla sijasafiri, maonyesho sita kwa siku, kila kimoja saa moja, kwa rangi. Mimi kwa kazi ni mpima ardhi, na naamini jambo lolote likichorwa vizuri litakaa. Edinburgh ilinifundisha adabu. Ule mji una ghorofa, na sisemi nyumba zake, nasema barabara. South Bridge ni daraja la matao 19, lililokamilika mwaka 1788, na ukipita juu yake hujui kama uko darajani kwa sababu nyumba zimeliziba pande zote mbili na tao moja tu ndilo linaloonekana. Chini yake kuna barabara nyingine, Cowgate, na Cowgate hiyo hiyo inapita tena chini ya daraja la George IV. Simu yangu ikaniambia nimefika. Nikaitazama ile nukta ya buluu, nikatazama huku na huku, hakuna ukumbi, kuna maktaba. Nikazunguka mara mbili. Mwishowe nikachungulia juu ya ukuta, nikaona, ghorofa kadhaa chini ya miguu yangu, foleni ya watu na bango la onyesho langu. Kwenye latitudo na longitudo nilikuwa sahihi kabisa. Tatizo lilikuwa kimo. Miaka kumi na sita nawafundisha vijana wa ofisini kwamba pointi bila kimo si pointi.

Nikashuka mbio kupitia Candlemaker Row. Nilichelewa dakika tatu, mlango ulikuwa umefungwa, na kijana wa mlangoni akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Hawafungui. Hawawezi, kwa sababu chumba kimoja kinabeba maonyesho saba au manane kwa siku, kati ya moja na linalofuata kuna dakika kumi na tano hivi za kuingiza vyombo na kutoa vyombo, na ukiwapa wachelewaji dakika mbili umemwibia anayekuja saa kumi. Ndiyo maana saa za kuanza ni za ajabu ajabu, na dakika zake. Ushauri wangu kwa atakayekwenda ni huu tu: usipange onyesho la juu na onyesho la chini bila kuacha nusu saa katikati. Na kwenye vichekesho usikae safu ya mbele. Nilikaa. Mchekeshaji akaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu, na kwa dakika tano ukumbi mzima ulicheka upimaji ardhi. Onyesho lilikuwa la bure, la kutoa unachotaka kwenye ndoo mlangoni. Nilitia pauni tano, tena kwa hasira.

Ijumaa asubuhi Wifi alinikuta kituo cha Glasgow Queen Street akiwa ametoka zamu, nguo za kazi ndani ya mkoba. Nikamwambia arudi akalale. Akasema atalala akizeeka. Tulipofika High Street nikamwona binti wa sweta kwa mbali, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikajificha nyuma ya mpuliza zumari.

Alituona. Akaja. Leo mkono uliovaliwa ulikuwa wa kulia.

"Jana sikukuona," akasema.

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayekuambia jana kulinyesha. Baadaye ndipo nilipoelewa: chumba chake kina viti 40, na hajawahi kuwa na watu wengi kiasi cha kushindwa kujua nani hayupo.

Wifi alinitazama. Hakufungua mdomo, na sikumpa nafasi. "Leo," nikamwambia binti, na nikanunua tiketi mbili kwa simu pale pale mbele yake, kila moja pauni 12, kama mtu anayelipa faini barabarani.

Watu wengi huenda Fringe wakiwinda jina la kesho, na si upuuzi: Phoebe Waller-Bridge alicheza mchezo wake wa Fleabag huko mwaka 2013, chumbani, kabla dunia haijamjua kwa televisheni. Kwa hiyo kila anayekaa kwenye kiti cha plastiki anajiambia huenda ndiye huyu. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikihesabu watu. Tulikuwa watano. Wanandoa wazee waliovaa makoti ya mvua yanayofanana, kijana mwenye daftari ambaye niliomba Mungu awe mhakiki, Wifi, na mimi. Fundi wa taa alikuwa wa sita, ila yeye alikuwa kazini.

Chumba kilikuwa cha mikutano, kimefunikwa vitambaa vyeusi, na pembeni, pale kitambaa kilipoishia, ungeona kipande cha ubao wa kuandikia wenye maneno ya semina ya mtu. Taa zilikuwa nne. Zilikuwa karibu sana, na baada ya dakika kumi sweta lile lenye maji ya mvua ya siku tatu likaanza kutoa mvuke na harufu. Sufu mbichi. Ndani ya chumba kidogo namna ile, harufu hiyo ilikuwa mwigizaji wa tatu.

Mchezo wenyewe: dada wawili wanagawana vitu vya mama yao aliyefariki. Akivaa mkono wa kushoto yeye ni mkubwa, akivaa wa kulia yeye ni mdogo. Kiti kimoja, boksi moja, sufuria moja ya presha. Kila wanapobishana anatoa mkono huu na kuingiza ule, na kwa kuwa sweta lilikuwa limelowa, mkono uligoma kuingia, akawa anahangaika nao huku anaendelea kusema, na hadi leo sijui kama kule kuhangaika kuliandikwa au kulimpata. Ugomvi wao haukuwa wa nyumba. Ulikuwa wa ile sufuria. Mimi nimewahi kusimama shambani, nguzo ya kupimia mkononi, katikati ya kaka wawili wanaopigania hatua mbili za ardhi zenye mgomba mmoja, na mgomba wenyewe hauzai. Nilijua kila neno kabla halijatamkwa. Nilijua hata yule mkubwa atasema "basi chukua," na kwamba hapo ndipo mambo yataharibika kabisa.

Mnapokuwa watano hamna pa kujificha. Mkicheka, anajua ni nani kacheka. Ukisogeza mguu anauona. Kwenye ukumbi wa watu elfu unaweza kuangalia saa, kuchoka, kuwaza bili ya umeme, na wenzako wakakubebea zamu. Pale nilijikuta nimekaa mbele ya kiti kama mtu anayesaidia kusukuma gari.

Na Wifi alikuwa amelala.

Simlaumu, alikuwa amesimama kwa saa kumi na mbili wodini. Lakini alilala kwa moyo wote, mdomo wazi, na kila nilipomfinya aliitika "mm" kama anajibu swali. Kijana wa daftari akaandika kitu.

Ikafika mahali dada mdogo anakaa kimya. Ameshika sufuria. Ukimya mrefu, wa makusudi. Nje, juu ngomeni, ikagonga saa saba mchana, na mzinga ukapigwa.

Kama hamjui: pale Edinburgh, tangu 1861, mzinga hupigwa ngomeni saa saba kamili, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, zamani ili mabaharia warekebishe saa zao. Chumba chetu kilikuwa karibu na ngome. Ile bumu ilipita kwenye vitambaa, kwenye kiti, kwenye mbavu. Mzee wa koti la mvua akaruka. Na Wifi, kutoka usingizini, akapiga ukelele ambao angeusikia mtu wa ghorofa ya chini:

"Mama!"

Kimya. Binti wa sweta hakugeuka kututazama. Akaliangalia lile tundu la mlango wa pembeni, taratibu, sufuria kifuani, na kwa sauti ya mdogo mtu akasema:

"Ndiye. Hata kufa hakukumfunza kufunga mlango taratibu."

Tulicheka sote watano. Fundi wa taa akacheka, taa moja ikacheza. Halafu binti akatoa mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto, na dada mkubwa, aliyekuwa hajacheka tangu mwanzo, naye akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio bila kuvuka mpaka wowote nilioweza kuuona. Kazi yangu ni mipaka. Niliutafuta, sikuuona.

Mwishowe hakuna aliyechukua sufuria. Aliiweka juu ya kiti, taa zikazimwa.

Tukapiga makofi, na makofi ya watu watano ni mambo ya kutia haya, yanasikika moja moja, kwa hiyo tulipiga kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Kundi linalofuata lilikuwa ukumbini na beseni la kuogea, kubwa, la chuma, na mtu ndani yake akisoma maneno yake kwa sauti ya chini. Binti alikuwa na dakika chache za kuondoa kila kitu chake. Nikabeba kiti, Wifi akabeba sufuria, tukashuka ngazi naye hadi barabarani, ambako manyunyu yalikuwa yameanza tena.

"Umekuja," akaniambia.

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa bado na wengine 30 mkobani. Hadi naondoka nililipa watatu tu.

Akamgeukia Wifi, akapokea sufuria yake, akamuuliza kama kesho anaweza kurudi, bure, akae kiti kile kile, na saa saba kamili aseme lile neno.

Wifi alifikiri. Alifikiri kweli kweli, nilimwona.

"Kesho siwezi," akasema. "Nina zamu."